Usiporidhika na Daktari Bingwa: Unyamaze, Uhame au Useme?

Mgonjwa hafiki kwa daktari bingwa kwa hatua moja. Ameanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikishindikana hapo huandikiwa rufaa ya kanda, kama KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, na mwisho wa safari ni Muhimbili na taasisi kubwa za Dar es Salaam: MOI kwa mifupa na ubongo, Jakaya Kikwete kwa moyo, Ocean Road kwa saratani. Kila ngazi ina nauli yake, foleni yake na vipimo vyake. Ndiyo maana huduma mbovu ya bingwa huuma kuliko ya mwingine yeyote. Mgonjwa akitazama juu haoni ngazi nyingine ya kupanda.

Kisa kinachojadiliwa hapa kitawakumbusha wengi jamaa zao. Mzee mmoja mstaafu ana maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguu wa kushoto. Hospitali ya wilaya ilimpa rufaa kwa bingwa wa mifupa. Alifika alfajiri, akaitwa adhuhuri. Bingwa alisoma fomu ya rufaa, akamwandikia dawa za kutuliza maumivu na kumpa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Hakumgusa mgongo wala hakumwambia anaumwa nini. Aliporudi, mguu ukiwa umeanza kulegea, aliambiwa kwamba akitaka kuangaliwa vizuri aende jioni kwenye hospitali binafsi ambako bingwa huyohuyo hufanya kazi.

Mezani wamekaa watano: Mzee mwenyewe, Binti yake anayemuuguza, Daktari, ambaye naye ni bingwa wa mifupa lakini si yule aliyemhudumia Mzee, Muuguzi aliyezeekea chumba cha upasuaji, na Wakili. Kila mmoja anawasemea wengi. Hoja ni hii: mgonjwa asiyeridhika na daktari bingwa anyamaze, ahamie kwa mwingine, au aseme?

MZEE: Naomba nianze mimi, maana mgongo ni wangu. Sitaki malalamiko. Mkoa mzima tuna bingwa mmoja wa mifupa, na nitarudi mikononi mwake nikipenda nisipende. Leo nimshitaki, kesho nilazwe mbele yake nimechomwa sindano ya usingizi? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Daktari kasoma miaka mingi, mimi nilikuwa karani. Anachokiona yeye mimi sikioni. Nikinyamaza nimelinda heshima yake, na usalama wangu pia.

BINTI: Baba, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Uji hauulizwi, kisu huulizwa. Hakuna anayebisha kwamba daktari kasoma. Nilikuwa nawe mle chumbani. Ulimuuliza swali moja tu, "Daktari, hiki ni nini?" na hukujibiwa. Tukarudi nyumbani na vidonge bila kujua tunatibu nini. Umevimeza miezi mitatu mpaka tumbo likaanza kukuunguza, na mguu nao ukalegea. Ukimya ule ulimlinda nani?

MZEE: Nilidhani ndivyo ugonjwa unavyokwenda.

BINTI: Na hakuna aliyekuambia unapaswa kwenda vipi. Hilo ndilo lalamiko langu.

DAKTARI: Niruhusuni niseme kama mtu wa kazi hiyo. Kliniki ya mifupa hufurika kabla jua halijachomoza. Waliovunjika kwenye ajali za bodaboda wanasubiri, watoto wenye miguu iliyopinda wanasubiri, na katikati ya kliniki huja simu kwamba kuna majeruhi anahitaji kupelekwa chumba cha upasuaji. Daktari anayechoka huanza kuyaona makaratasi badala ya watu. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo inavyotokea.

Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Maumivu mengi ya mgongo hayana chanzo kimoja kinachoweza kuonekana kwenye picha, na mengi hupungua yenyewe katika wiki kadhaa mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi zake kwa kiasi. Hata MRI ina mtego wake. Watu wazima wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI, wengi wao wataonekana na diski zilizochakaa au kutokeza. Ukimpasua mtu kwa sababu ya picha peke yake, unaweza kumkatia kitu ambacho hakikuwa kinamsumbua. Kwa hiyo kutomwandikia mgonjwa MRI siku ya kwanza kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa.

BINTI: Daktari, maelezo hayo umeyatoa kwa muda mfupi sana. Yule bingwa angetuambia hayo tu, tungeondoka tumeridhika bila picha yoyote.

DAKTARI: Ni kweli, na hapo sina cha kumtetea. Tena nitaongeza. Kutompima Mzee kwa mikono hakuna foleni inayoweza kukuhalalisha. Mgonjwa wa mgongo huambiwa atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Hulazwa chali akainuliwa mguu ukiwa umenyooka. Hugongwa goti na kifundo kwa kinyundo, huulizwa wapi pana ganzi. Kwa mwanamume wa umri wake ni lazima niwaze saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani, na katika nchi zetu niwaze pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nitamuuliza kuhusu homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Hayo yote hayamo kwenye fomu ya rufaa.

Mguu ulipoanza kulegea, habari ilibadilika, na picha sasa inahitajika. Na hili naomba kila msomaji alishike: ganzi ikifika kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka wenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

MUUGUZI: Mzee wangu, umesema unanyamaza kwa ajili ya usalama wako. Mimi nimeishi chumba cha upasuaji, na naomba nikuonyeshe kwamba usalama uko upande wa pili.

Novemba mwaka 2007, pale MOI, vijana wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji. Aliyekuwa na tatizo la goti alifunguliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mmoja alifariki baadaye. Nchi nzima ililia. Mapema mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pale Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu ili kutolewa damu iliyoganda, na madaktari hawakuikuta, kwa sababu damu hiyo ilikuwa kwenye kichwa cha mgonjwa mwingine. Waliofanya kazi siku hizo hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwa wataalamu, katika hospitali kubwa kuliko zote za fani hiyo katika nchi zao.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye mambo 19. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, kuanzia London na Toronto hadi Manila, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Ifakara, bonde la Kilombero. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Unajua jambo la kwanza kwenye orodha hiyo ni lipi? Mgonjwa mwenyewe, kabla ya kupewa dawa ya usingizi, anathibitisha jina lake, sehemu inayopasuliwa, anachofanyiwa, na kwamba ameridhia. Sauti ya mgonjwa imewekwa mbele ya sauti ya bingwa, na dunia nzima imekubali hivyo. Kwa hiyo ukimuuliza daktari, hujamvunjia heshima. Unamsaidia kufanya kazi yake.

MZEE: Hilo la Ifakara sikuwa nalijua. Lakini Sista, kuna kuuliza na kuna kubishana. Mimi nikiingia pale ulimi hunikauka. Nikitoka nje ndipo maswali yanakuja.

MUUGUZI: Hilo si lako peke yako, hata wauguzi wakiugua huwapata. Ndiyo maana maswali huandikwa nyumbani. Matatu yanatosha. La kwanza: naumwa nini, na kama hujajua bado, unahisi nini? La pili: tunafanya nini sasa, na kuna njia gani nyingine? La tatu: nikiona dalili gani nirudi kabla ya tarehe? Andika pia dawa zote unazomeza, hata za mitishamba. Mwambie binti yako aingie nawe, na yeye ndiye aandike majibu. Kisha mwisho kabisa umrudie daktari kwa maneno yako mwenyewe: "Kwa hiyo Daktari, nimeelewa hivi na hivi." Akiona umeelewa sivyo atakurekebisha pale pale.

DAKTARI: Na mgonjwa akinikuta nimeinama kwenye karatasi, aniambie kwa upole, "Daktari, naomba unipime mgongo kabla hujaandika." Sijui daktari atakayekataa ombi hilo akabaki na amani moyoni.

BINTI: Tufike basi kwenye jambo zito. Tuliambiwa twende jioni. Bima ya baba inalipia kliniki ile ya asubuhi. Alikuwa amekaa mbele ya daktari, faili limefunguliwa, na akaambiwa uangalizi mzuri uko kwingine, kwa pesa taslimu. Hilo nalo tuliulizie kwa upole?

DAKTARI: Mabingwa wengi hufanya kazi hospitali binafsi baada ya saa za kazi, na hilo si siri. Tuko wachache, na wagonjwa wa huko nao wanatuhitaji. Lakini mgonjwa wa asubuhi ana haki ya kupimwa asubuhi. Daktari anayemnyima huduma pale alipo ili amvute kwenye malipo ya jioni ameuza kitu ambacho tayari kimelipiwa. Sina neno laini la kulieleza hilo.

WAKILI: Nami nitaliweka kisheria. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtumishi wa umma akidai malipo ya pembeni ili akupe huduma unayostahili, hilo ni jambo la TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na namba yao ya bure ni 113. Lakini lazima tutenganishe. Daktari akisema, "Kipimo hiki hapa hatuna, kipo hospitali fulani," hiyo ni taarifa. Akisema, "Hapa sikupimi, njoo kwangu," hapo ndipo shida ilipo. Andikeni maneno yaliyosemwa, siku, saa na nani alikuwepo, mngali mnakumbuka.

MZEE: Mnaona? Tumeanza na mgongo, sasa tuko TAKUKURU. Mimi nataka nitembee tu. Kama hapa hapafai, nitafutieni bingwa mwingine, yaishe.

DAKTARI: Mzee, kuhama ni haki yako, wala si usaliti. Maoni ya daktari wa pili ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Kabla ya upasuaji wa uti wa mgongo, mimi mwenyewe huwaambia wagonjwa waende wakasikie na kwa mwenzangu. Bingwa anayeudhika kwa sababu umetaka maoni ya pili amekupa sababu ya kuyatafuta. Ila usihame mikono mitupu. Wapo wanaokuja kwangu baada ya kuzunguka hospitali kadhaa, hawana cheti, hawana picha, hawajui dawa waliyopewa. Naanza upya, vipimo vinarudiwa, pesa inakwisha, na ugonjwa unaendelea. Pia usinifiche kwamba umetoka kwa mwenzangu. Nikijua alichofikiri yeye, sitapoteza muda kwenye njia aliyokwisha kuipita.

BINTI: Tuliomba nakala ya faili. Tukaambiwa faili ni mali ya hospitali.

WAKILI: Faili lenyewe, yaani makaratasi au mfumo wa kompyuta, hospitali hulitunza. Taarifa zilizomo ni za mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazotunzwa na taasisi. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2019. Andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali: jina, namba ya faili, tarehe za kliniki, na kwamba unaomba muhtasari wa matibabu, majibu ya vipimo na nakala za picha. Toa nakala mbili na uombe ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ombi la mdomo hukataliwa kwa mdomo. Barua yenye muhuri huhitaji jibu.

MUUGUZI: Na kama barua inawatisha, anzeni na ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini. Wengi huijua kwa misamaha ya malipo tu, lakini maofisa wale husaidia pia kumkutanisha mgonjwa na uongozi. Yapo malalamiko mengi yanayokwisha siku hiyohiyo kwa sababu kuna mtu alikaa na familia akaieleza mambo.

BINTI: Sista, nakubali. Ila kuna jambo sitaki lipotee. Tukihama kimya kimya, huenda baba atapona, na kiti chake kwenye benchi lile atakikalia mzee mwingine. Naye hataguswa mgongo. Naye ataambiwa aje jioni, na huyo labda hana binti wala nauli ya kwenda kwa bingwa wa pili. Kuhama kunatutoa sisi. Hakumtoi yeye.

MZEE: Hapo umenigusa, mwanangu.

WAKILI: Basi tuzungumzie kulalamika rasmi. Kwanza mjue mnalalamikia nini, kwa sababu mambo matatu huchanganywa. Lipo tokeo baya: daktari alifanya yote yapasayo, na bado mgonjwa hakupona. Hilo ni huzuni, si kosa. Lipo kosa la kitaalamu: hakupima, hakusoma majibu, alipasua upande usio wake. Na upo mwenendo mbaya: dharau, matusi, kudai pesa, kutoa siri ya mgonjwa. Barua inayochanganya yote hayo hujibiwa kwa jambo lile jepesi kuliko yote. Barua inayosema, "Siku fulani hakupimwa mgongo wala mguu, hakuelezwa ugonjwa, na siku fulani aliambiwa aende hospitali binafsi," haikwepeki.

Njia ni hii. Anza na Mganga Mfawidhi au mkurugenzi wa hospitali. Asipojibu, nenda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Jambo likihusu taaluma na maadili ya daktari mwenyewe, kwa Tanzania Bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza linaweza kuchunguza, kuonya, kusimamisha leseni, hata kumfuta daktari kwenye daftari la usajili. Zanzibar ina mamlaka yake, na Kenya wana baraza lao la madaktari wa tiba na wa meno. Baraza huangalia kama daktari anafaa kuendelea kutibu. Fidia ni kazi ya mahakama.

MZEE: Mahakama inamsikiliza nani dhidi ya hospitali?

WAKILI: Inasikiliza ushahidi. Mwaka 2011, wilaya ya Nakaseke nchini Uganda, mama mmoja alikufa kwa uzazi pingamizi ndani ya hospitali ya umma, daktari wa zamu akiwa hapatikani. Familia yake haikuwa ya watu wakubwa. Ilisaidiwa na shirika la kutetea haki ya afya, na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru serikali ya wilaya kulipa shilingi milioni 35 za Uganda. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery kutoka Uskoti. Mama mwenye kisukari hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kujifungua, hatari iliyofikia asilimia 9 hadi 10 kwa akina mama kama yeye. Daktari alihofia kwamba akiwaeleza, akina mama wangechagua upasuaji. Mtoto alikwama, akaumia ubongo. Mahakama ilisema daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu wa kawaida katika hali ile angetaka kuzijua, pamoja na njia nyingine zilizopo. Uamuzi wa Uingereza hauzifungi mahakama zetu, lakini nchi zetu zilirithi mfumo huohuo wa sheria, na mawakili huutumia kujenga hoja.

Ila angalieni muda. Tanzania, madai ya madhara ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali lazima itangulizwe notisi ya siku 90. Watu wengi huja ofisini wakiwa na kesi nzuri iliyopitwa na wakati.

DAKTARI: Sasa mniruhusu nami nilalamike. Siku hizi mtu hatoi swali wala barua. Anachukua simu, ananirekodi video, anairusha mitandaoni na jina langu, pamoja na sura za wagonjwa wengine waliolala wodini. Nchi nzima inanihukumu kabla sijasikilizwa. Daktari akishaonja hayo, anaanza kutibu kwa woga. Anaandika vipimo kumi ajikinge yeye, na anayelipa ni mgonjwa. Kesi ngumu anazikimbia, anazipa rufaa. Mkitujengea woga, mtavuna mabingwa wasiothubutu.

BINTI: Nakuelewa, Daktari, na sitetei kuwaanika wagonjwa wengine. Lakini jiulize kwa nini watu wamekimbilia simu. Wameweka karatasi kwenye sanduku la maoni, na kufuli la sanduku lina kutu. Wameenda dirisha hili wakaelekezwa dirisha lile. Mtu aliyejibiwa ofisini hana haja ya kupiga kelele barabarani. Mkitaka video zipungue, jibuni barua.

DAKTARI: Hilo ni deni letu, nalikubali. Hospitali inayopokea lalamiko na kusema wazi, "Tumeangalia, tumekuta hivi, tumebadilisha hivi," huokoa hata madaktari wake. Lalamiko la Mzee likifika kwa uongozi, huenda litaonyesha pia kwamba bingwa mmoja hawezi kubeba kliniki ya mkoa mzima.

MUUGUZI: Na sisi tulio ndani tuna la kujibu. Tulikuwepo. Tuliona mgonjwa hakupimwa, tukaita jina linalofuata. Muuguzi anayesema, "Daktari, huyu analalamika mguu umelegea, tumwangalie," anamkinga mgonjwa na daktari pamoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukweli huo unaihusu hospitali kama unavyomhusu mgonjwa.

MZEE: Nimewasikia. Hofu yangu haijaisha yote, maana ninyi hamtalala kitandani pale. Lakini nimeona kwamba hofu hiyo hainitibu. Wiki hii nitakwenda kwa bingwa wa pili na karatasi zangu, mguu uangaliwe kwanza. Na barua kwa Mganga Mfawidhi iandikwe. Binti ataandika, sahihi nitaweka mimi. Isiwe na tusi hata moja.

BINTI: Haitakuwa nalo, Baba.

Kauli ya mwandishi

Nimewasikiliza wote, na nimeegemea upande. Kunyamaza ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu isiyo na faida kwa yeyote: mgonjwa haelewi ugonjwa wake, daktari hajui alipokosea, na hospitali inaendelea kuamini kwamba mambo yanakwenda. Kuhama ni haki, na mguu unapolegea ni wajibu, kwa kuwa mwili hausubiri mashauri. Lakini anayehama bila kusema ameokoa nafsi moja na kuacha benchi lile kama alivyolikuta.

Kusema nako kuna utaratibu wake. Kwanza swali chumbani, kwa adabu na bila woga. Halafu maoni ya daktari wa pili, ukiwa na karatasi zako. Kisha barua inayotaja siku, tendo na ombi, yenye muhuri wa kupokelewa. Baraza na mahakama ni kwa yale yasiyomalizika kwa barua. Hofu ya Mzee ni ya kweli, na jukumu la kuiondoa si lake. Ni la kila mkurugenzi wa hospitali, ambaye anapaswa kubandika ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, jina la ofisi inayopokea malalamiko, siku ambazo jibu litatoka, na ahadi kwamba hakuna mgonjwa atakayepunguziwa huduma kwa sababu ameuliza.

Nawe msomaji, kama una tarehe ya kliniki mwezi huu, andika maswali yako matatu leo. Ingia na mtu unayemwamini. Usiinuke kwenye kile kiti kabla hujajua unaumwa nini, unatibiwa vipi, na dalili gani ikitokea urudi bila kusubiri.